Hiyo Si Sauti Yangu

Msikilizaji uliye jikoni, usiache chungu chako, na uliye njiani na simu sikioni, tazama gari kwanza. Mazungumzo ya leo ni ya sauti, na nitayaanzia uani kwetu Pemba, msimu wa karafuu, katikati ya miaka ya themanini.

Waliowahi kuchuma wanajua kwamba kazi haimaliziki juu ya mkarafuu. Magunia yakishafika nyumbani jioni ndipo uchambuzi unapoanza: karafuu upande huu, makonyo upande ule, karabai katikati, na watu wamelizunguka jamvi, wakubwa kwa watoto. Vidole vinakwenda vyenyewe, mdomo uko huru. Kwa hiyo usiku wa kuchambua ulikuwa usiku wa hadithi, wa umbeya mdogo mdogo, na wa redio kama betri zimo. Usiku huo alikuwepo ami yangu, ndiyo kwanza karudi Maskati kwa likizo, kaja na redio ya kaseti yenye spika mbili. Akaiweka juu ya kinu kilichopinduliwa, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, asimwambie mtu. Baada ya nusu saa akairejesha kaseti nyuma, tukajisikia.

Kicheko chake hakisemeki. Mjomba tukamjua kwa kikohozi, jirani tukamjua kwa "yakhe" zake zisizokwisha. Ikafika sauti ya bibi, akimkaripia mtoto mmoja aliyekuwa akitupa makonyo kwenye karafuu. Sote kwa pamoja: "Bibi huyo!" Mwenyewe akaacha kuchambua, akatega sikio, akatikisa kichwa. "Hiyo si sauti yangu," akasema. "Mie sisemi hivyo."

Wataalamu wa masikio wana jibu lao. Mtu anapozungumza hujisikia kwa njia mbili, kwa hewa na kwa mifupa ya fuvu lake, na mifupa huizidishia sauti uzito. Mashine huchukua ile ya hewani tu. Ndiyo maana karibu kila mtu akijisikia kwa mara ya kwanza hujikana. Mie nimekaa mbele ya kipaza sauti miaka mingi sasa, na neno la bibi halijanitoka, kwa sababu naona ndilo lililotupata Wapemba wote. Kwa muda mrefu tumejisikia kupitia mashine za wengine. Mara nyingine tumesema, hiyo si sauti yetu. Mara nyingine, na hili ndilo linalonisumbua, tumeiamini mashine, tukaanza kujirekebisha ili tufanane nayo.

Tuanze na jina. Redio ya kwanza ya visiwa hivi ilianza mwaka 1951, ikaitwa Sauti ya Unguja. Kabla yake, tangu mwaka 1927, palikuwa na jarida la walimu, nalo liliitwa Mazungumzo ya Walimu wa Unguja. Nijuavyo mie hapakuwa na nia mbaya, maana zamani ukisema Unguja ulikusudia dola nzima, kisiwa hiki kikiwemo ndani yake kama kitoto mgongoni. Lakini mtoto wa Konde au wa Kengeja aliyekuwa akiisikia redio ikijitaja jina kila asubuhi alijua sauti ni ya wapi, na akajua yeye ni msikilizaji.

Na lugha nayo ikafuata njia hiyo hiyo. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikichagua Kiunguja cha mjini kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia. Kipemba kikawa lahaja. Neno lenyewe si tusi, lakini mtu akiambiwa skuli kwamba anachosema mama yake ni lahaja na kilichomo kitabuni ni lugha, hesabu anaifanya mwenyewe. Nawakumbusha kwamba kisiwa hiki kilikuwa na Kamange na Sarahani kabla ya kamati yoyote, washairi waliokuwa wakijibizana kwa mishororo ambayo ilihifadhiwa vifuani mwa watu na kwenye makaratasi ya majumbani mpaka ikaja kuchapwa kitabu kizima mwaka 2011. Wao hawakumwomba mtu ruhusa ya kusema "kuno" badala ya "huku".

Nilipokuwa kijana nilikwenda kufanyiwa majaribio ya utangazaji katika kituo kimoja, sikitaji. Nikapewa karatasi nisome habari. Nikasoma vizuri, kwa mapenzi yote. Bwana aliyekuwa nyuma ya kioo akanyanyua mkono, akasema: "Sauti unayo, kijana, lakini hiyo lafudhi kaiache bandarini." Nikaenda kuiacha. Miezi sita nilikaa na redio usiku, nikimfuatisha msomaji wa habari neno kwa neno, "mtu" nikisema "mtu" wala si "ntu" kama tulivyozowea. Nikapata kazi. Nilipokwenda nyumbani kwa Idi, wenzangu barazani wakaniuliza kama naumwa koo.

Sasa msidhani redio ilikuwa adui. Wapemba tumeipenda redio kuliko wengi, na sababu iko wazi: kisiwa kina bahari pande zote, na gazeti lilikuwa likifika habari yake imeshapoa. Miaka ya hamsini Sauti ya Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili, na mmoja wa waliokuwa wakisikika huko alikuwa Mzanzibari, Ahmed Rashad Ali. Watu walikaa barazani kusikiliza mambo ya ukombozi wa Afrika yakisemwa kwa Kiswahili chao kutoka Misri, huku serikali ya Kiingereza ikikereka. Mwaka 1957 BBC nayo ikaanza kwa Kiswahili kutoka London. Na tarehe 12 Januari 1964, Mapinduzi yalipotokea Unguja, Pemba iliyapokea kwa redio. Aliyekuwa akinguruma ndani yake alikuwa John Okello, mzaliwa wa Uganda, ambaye miaka michache kabla alikuwa akiishi na kufanya kazi hapa hapa Pemba. Kulikuwa na watu waliowahi kumwona akipita njiani, na siku ile wakamsikia akijiita Field Marshal. Fikiria hilo kwa nafasi yako.

Tangu hapo tulizowea jambo la ajabu: kuzisikia habari zetu wenyewe kutoka mbali. Siku za Januari 2001, yalipotokea mauaji ya waandamanaji na watu wakakimbilia Shimoni, Kenya, kwa vidau, wengi walisubiri saa ya London au ya Ujerumani ili wajue kilichotokea kwenye mji wa jirani. Habari ya Micheweni ilikuwa ikizunguka Ulaya kwanza ndipo irudi Wete. Kila baada ya miaka mitano kamera zinakuja na uchaguzi, zinaondoka na matokeo. Ukiyakusanya yote yaliyotangazwa duniani juu ya Pemba tangu 1995, mgeni atadhani hapa hatuoi, hatuvui, hatuchezi mpira. Tunapiga kura na kugombana tu.

Au tunaroga. Hapa nataka nikae kidogo.

Mwaka 1930 mwandishi wa Kiingereza, Evelyn Waugh, alipita pwani hii akitoka Uhabeshi kwenye kutawazwa kwa Haile Selassie. Kitabu chake kilitoka mwaka uliofuata, na ndani yake akaiandika Pemba kuwa ndiyo chuo kikuu cha uchawi cha pwani yote: kwamba wanafunzi wanatoka mpaka Maziwa Makuu kuja kuhitimu, na kwamba yasemekana hata kutoka Haiti wanakuja. Yasemekana! Alisemewa na nani? Na huyo Mhaiti alishuka bandari gani? Lakini sentensi yake ile imekuwa ikinakiliwa katika vitabu vya watalii mpaka leo, na nimewaona vijana wetu wenyewe wanaotembeza wageni wakiisimulia kwa fahari, kama kwamba wameisikia kwa babu zao.

Nisiwe mnafiki. Waganga wapo, na watu wanavuka bahari kuja kwao. Lakini kuna tofauti baina ya kijiji chenye mganga na kisiwa kilichofanywa mganga. Waulizeni wapenzi wa mpira. Yanga wamewahi kuweka kambi Pemba zaidi ya mara moja kabla ya kukutana na Simba, na kila wakija, magazeti ya bara huandika kwa jicho la pembeni. Timu ikienda kambi Morogoro inakwenda kufanya mazoezi. Ikija Pemba, aa, kuna jambo. Hakuna anayesema kwamba hapa pana utulivu, pana uwanja, na mashabiki hawafiki kwa daladala kuja kuwasumbua wachezaji.

Hata methali zimetusema. Ipo ile ya Mpemba akipata gogo, ambayo nusu yake ya pili siisemi hewani, wapo wanaokula. Ipo na ile inayotupa heshima, kwamba Mpemba hakimbii mvua ndogo. Na katika vichekesho vya bara yupo Mpemba wa duka: kofia, msuli, mkono mzito kutoa pesa, na "yakhe" katika kila kituo. Mzanzibari yeyote mwenye duka Kariakoo ni Mpemba, hata kama mamake na babake wamezaliwa Makunduchi.

Lakini hakuna picha iliyotutangaza kama ile ya mwaka 1995. Wenye watoto wadogo karibu, punguzeni sauti kidogo. Mapema mwaka ule, Ramadhani, ilianza Pemba khofu ya Popobawa. Watu walisema kuna kiumbe kinawaingilia usiku, wanaume kwa wanawake, kinawadhalilisha usingizini. Watu wakahama vyumba vyao, wakalala nje kwa makundi wamezunguka moto. Khofu ikavuka kwenda Unguja, kisha bara. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu kabla ya Mapinduzi, na kila upande ulikuwa na fasiri yake juu ya nani kamtuma. Mwaka 2007 kikazuka tena Dar es Salaam, na mashirika ya habari ya dunia yakaandika. Leo ukiliingiza jina la Pemba kwenye simu yako, hakikai mbali.

Mie sina la kusema juu ya kilichotokea vyumbani mwa watu. Nilikesha nje kama wenzangu. Lakini lipo jambo moja katika simulizi ile ambalo mtu wa redio hawezi kulipita. Walisema kiumbe kile kilimwamrisha mtu kiliyemdhuru aende akawaambie watu. Asiposema, kinarudi. Yaani ni jini linalotaka kutangazwa! Majini tuliyoyajua siye yalikuwa yakitaka ubani, yakitaka kitambaa, yakitaka damu ya mbuzi. Hili lilitaka habari, na habari likapata, tena kwa wingi, barazani kwanza kisha magazetini.

Na wakati tukikesha kwa ajili ya popo wa khofu, popo wa kweli alikuwa akipona. Kuna popo mkubwa asiyepatikana popote duniani isipokuwa kisiwa hiki. Mwishoni mwa miaka ya themanini watafiti walihesabu wachache wa kuhesabika kwa vidole, kwa sababu tulikuwa tukimla na misitu yake tukiikata. Vijiji kama Kidike vikaunda vilabu vya kumlinda, na haikupita miaka ishirini wakawa zaidi ya elfu 20. Popo huyo hakupata robo ya wino aliopata mwenziwe.

Nirudi kwenye lile la kusema, maana ndilo lililonifanya niandike mazungumzo haya. Mwaka 1995 watu wazima, wanaume wenye ndevu zao, walisema hadharani kwamba wamedhalilishwa, kwa sababu aliyewadhalilisha hakuwa mtu. Miaka hiyo hiyo, nyumba hizo hizo, walikuwepo watoto waliodhalilishwa na watu wenye majina, na hao walinyamazishwa. Neno la kunyamazishia tunalijua sote: muhali. Ni ami yake. Ni mwalimu wake wa chuoni. Ni jirani, tutatazamanaje msikitini? Kesi inakwenda kwa sheha, inageuka suluhu, na suluhu inageuka ndoa au mkono wa pesa. Jini lilisema nitangaze. Ami alisema ukinitaja utaua familia.

Hapa ndipo nitakapoisifu kazi yetu, kwa kiasi. Wanahabari wanawake wa TAMWA, chama kilichoanzishwa mwaka 1987, wamekuwa na ofisi yao hapa Pemba, na jarida lao wakaliita Sauti ya Siti, kwa jina la Siti binti Saad aliyesafiri mpaka Bombay mwaka 1928 kurikodi santuri. Wao na waandishi wa vituo vyetu wamelifanya neno "udhalilishaji" liweze kutamkwa saa mbili ya usiku, watu wakila. Nakumbuka mwanzoni tulipokuwa tukilisoma, simu zilikuwa zinapigwa: mnafundisha watoto wetu uchafu. Siku hizi simu zinazopigwa zinauliza kesi fulani imefikia wapi. Mwaka 2021 ikawekwa mahakama maalumu ya makosa hayo. Muhali haujafa, na kesi bado zinavunjika kwa shahidi kutotokea, lakini mzee mmoja wa Mkoani aliniambia kitu ambacho sikukitegemea. Alisema zamani akisikia jambo la namna ile jirani, alikuwa akifunga dirisha. Siku hizi akilifunga, anajua wajukuu zake wamemwona akilifunga, na wameshasikia redioni hilo lina jina gani.

Je, redio inabadilisha watu kweli, au watu wamebadilika na redio inafuata nyuma? Kuna waliojaribu kulipima. Mwaka 1993 Redio Tanzania ilianza mchezo wa Twende na Wakati, yumo dereva wa lori Mkwaju na mambo yake yaliyomfikisha kwenye ukimwi. Watafiti waliomba mchezo usirushwe Dodoma kwa miaka miwili, ili waone tofauti baina ya waliousikia na wasiousikia. Tofauti ikaonekana, watu waliousikia walizungumza zaidi majumbani mwao juu ya uzazi wa mpango na wakauchukulia hatua. Naupenda utafiti ule, ingawa nawaonea huruma watu wa Dodoma. Lakini kilichonivutia ni hilo la kuzungumza: mchezo haukumbadilisha mtu peke yake chumbani, ulimpa mke na mume jina la mtu mwengine, Mkwaju, wakaweza kujisema wenyewe kwa kumsema yeye.

Ndivyo tamthilia zinavyofanya hadi leo. Mwaka 2010 waya wa umeme ulivushwa chini ya bahari kutoka Tanga, tukaachana na majenereta ya Wesha, na TV zikaingia vijijini. Sasa kila usiku kuna Waturuki wanaozungumza Kiswahili safi, wanaopigania kasri na urithi, na wanawake wa mtaani kwangu wanawasema kwa majina kama wake wenza wao. Kuna mambo wanayachukua, namna ya kufunga mtandio, rangi ya pazia, hata jina la mtoto. Wazee wanalalamika. Mie sina khofu sana na mtandio. Pwani hii imekuwa ikivaa vya wageni tangu meli zilipoanza kufuata pepo za kaskazi na kusi, na sinema za Kihindi zilipokuwa zikioneshwa Chake na Wete mababu zetu walichana nywele kama Raj Kapoor. Kinachonishughulisha ni binti anayetazama saa tatu kila usiku, wiki nzima, na katika saa hizo asimwone mtu hata mmoja anayekoroga mwani, anayepara samaki, anayesema kama yeye. Si kwamba anafundishwa kujidharau. Hayumo tu. Na asiyekuwemo anaweza kudhani maisha yanatokea kwengine.

Simu nayo imetufanyia mawili. Kwenye harusi za wanawake siku hizi kuna mtu mlangoni wa kukusanya simu, kwa sababu picha ya bibi harusi na mashoga zake bila ya mabuibui iliwahi kupita mipaka, na stara imebidi iwekewe mlinzi. Hilo la kwanza. La pili ni kinyume chake, na ndilo lililonifanya nicheke peke yangu siku moja nikiwa ndani ya gari ya Chake kwenda Konde. Abiria wote kimya, kila mmoja na simu sikioni, anasikiliza sauti alizotumiwa WhatsApp, na zote zinasikika nje ya simu, zinatoka mbali: Maskati, Dubai, Mombasa, Toronto, London. Na zote, yakhe, kwa Kipemba! Kipemba kizito, cha uani, ambacho mie nililipwa mshahara nisikizungumze. Hakuna aliyeandika barua vile. Tulipoandika barua tuliandika Kiswahili cha skuli, "ama baada ya salamu". Simu ilipotupa sauti, tukarudia ndimi zetu.

Redio za jamii zimefuata. Micheweni wana redio yao, iliyosimama kwa msaada wa UNESCO, na Mkoani wana yao. Ukipita huko wakati wa kipindi cha wavuvi utamsikia mtu wa Kiuyu akieleza bei ya mwani au upepo ulivyogeuka, na mtangazaji anamjibu kwa lugha ile ile, hamsahihishi. Mara ya kwanza niliposikia nilishtuka, nikadhani mtangazaji kasahau kama yuko hewani. Angalieni jinsi mtu anavyofundishika! Na Mohammed Khelef Ghassani, mzaliwa wa kisiwa hiki anayetangaza Deutsche Welle kule Bonn, diwani yake iliyoshinda Tuzo ya Mabati-Cornell mwaka 2015 aliipa jina la N'na Kwetu. Si "nina". N'na.

Januari 2025 Kombe la Mapinduzi lilichezwa hapa Gombani, mataa yanawaka, TV zinarusha moja kwa moja. Fainali Zanzibar iliifunga Burkina Faso 2 kwa 1. Nilikuwa jukwaani, lakini kilichonikaa ni cha baada ya mechi. Nilirudi nyumbani nikakuta jamaa wanaitazama tena kwenye TV, watu waliotoka uwanjani nusu saa nyuma, ambao waliona mabao kwa macho yao. Wakati wa mabao hawakusema kitu. Walipiga kelele kamera ilipopita juu ya jukwaa. "Pale! Pale! Nlikuwa pale!"

Kuna kipindi kimoja tu ambacho hakijawahi kutusahau, na nacho hakina fahari yoyote: matangazo ya vifo. Miaka yote, redio ilipokuwa ikijiita jina la kisiwa kingine, ilipokuwa ikitusahihisha lafudhi, saa ya tanzia ilitutaja kijiji kwa kijiji. Kojani. Makangale. Mtambwe. Ole. Pujini. Jina la marehemu, jina la babake, nani wamearifiwa, maziko saa ngapi na wapi. Bibi yangu, yule aliyeikana sauti yake, hakuwahi kukikosa. Alikuwa akinyamazisha nyumba nzima, akisema huenda wakawa wetu. Siku ilipofika zamu yake lilitajwa jina lake lote, hadi la babu yake, na ndugu wa Unguja wakawahi boti kwa sababu hiyo.

Ramadhani iliyopita mtoto wa ami yangu aliikuta ile kaseti Maskati, ndani ya kasha la viatu. Akaihamishia kwenye simu, akatutumia. Nikaifungua baada ya futari, mbele ya watoto. Kwanza mvumo, kisha vicheko, kisha bibi, na yale makonyo yake kwenye karafuu. Binti yangu wa miaka tisa, aliyezaliwa bibi keshatangulia, akasikiliza mpaka mwisho, akasema: "Baba, huyu anasema kama wewe unapowafukuza mbuzi."

Nikamuuliza, na redioni nasema kama nani? Akafikiri kidogo. "Redioni unasoma," akaniambia.

Wakati wangu umekwisha, mwenzangu ananioneshea saa kutoka nyuma ya kioo. Baada yangu ni matangazo ya vifo. Nyamazisheni watoto.